Naomba ushauri: msimamizi wa tasnifu kaniuliza "Nani alilipia?" kuhusu ripoti za IEA ya London

Binti_Unyanyembe

Wakuu, heshima kwenu. Nasoma uzamili wa sera za umma hapa Uingereza, na zimebaki wiki tatu nikabidhi tasnifu. Mada yangu ni kodi ya vinywaji vyenye sukari iliyoanza hapa Aprili 2018, ambapo viwango vya mwanzo vilikuwa pensi 18 kwa lita kinywaji kikiwa na gramu 5 za sukari au zaidi katika kila mililita 100, na pensi 24 kikifika gramu 8. Mimi naipinga kodi hiyo. Sura ya pili nimeijenga juu ya ripoti za Institute of Economic Affairs (IEA), taasisi ya sera ya London inayotetea soko huria na uliberali wa kale, yaani serikali ndogo, kodi ndogo, mtu aachwe ajiamulie.

Juzi sura imerudi. Msimamizi hakugusa hoja hata moja. Kazungushia kalamu nyekundu tanbihi 11, zote za IEA, na pembeni kaandika maneno mawili: "Nani alilipia?" Siku ya pili leo naiangalia tu ile karatasi, sijui pa kuanzia.

Niseme kwa nini inaniuma. Nimelelewa na babu Tabora, alikuwa na duka. Alinisimulia miaka ya mgao, mwanzoni mwa miaka ya 1980: anadamka saa tisa usiku kupanga foleni, anarudi na katoni moja ya sabuni ya mche, anaikata kwa uzi vipande vidogo vidogo ili kila mteja apate japo cha kufulia nguo za watoto. Nilipofika huku na kusoma watu wanaoandika kwamba bei ikiachwa huru bidhaa hurudi dukani, nilihisi namsikia babu. Leo naambiwa huenda maandishi hayo yana mnunuzi.

Nizitoe zote 11? Nibaki nazo nijitetee? Naombeni mawazo, hasa mliopita njia hii.

Mzee wa Kumbukumbu

Mjukuu wangu, pole na hongera kwa kufika hapo. Ijue kwanza asili ya hao watu.

Antony Fisher alikuwa rubani wa vita. Mwaka 1945 alisoma muhtasari wa kitabu cha mchumi Friedrich Hayek, *The Road to Serfdom*, katika jarida la Reader's Digest, akamfuata Hayek chuoni London na kumwambia anataka kuingia kwenye siasa. Hayek akamkataza. Alimweleza kwamba mwanasiasa hufuata fikra zilizokwisha kuenea, basi aende kwa wale wanaozieneza. Fisher hakuwa na fedha za kazi hiyo, akaenda kufuga kuku. Kampuni yake ya Buxted Chickens ikamtajirisha, na mwaka 1955 IEA ikaanzishwa. Waliomenyeka kuijenga ni Ralph Harris na Arthur Seldon, kwa vijitabu vyembamba vilivyoandikwa kwa lugha ambayo mwandishi wa gazeti angeielewa.

Mwaka 1960 walitoa kijitabu cha Basil Yamey kilichopinga desturi ya mwenye kiwanda kumpangia muuza duka bei, kwamba asiuze chini ya hapo. Mwaka 1964 bunge likapitisha sheria ya kuivunja desturi hiyo. Babu yako angekielewa kijitabu hicho kabla hajafika ukurasa wa pili. Wanasiasa Keith Joseph na Margaret Thatcher, aliyekuja kuwa waziri mkuu, walikuja kuwasikiliza baadaye. Akikuambia mtu kwamba hawa ni kasuku wa kukodiwa, mkatalie. Imani ilitangulia.

Nesi_Leicester

Shikamoo Mzee. Historia nimeipokea, ila na mimi nina yangu.

Septemba 23, 2022 serikali ya waziri mkuu Liz Truss, kupitia waziri wa fedha Kwasi Kwarteng, ilitangaza kupunguza kodi kwa takriban pauni bilioni 45 bila kueleza fedha za kuziba pengo zitatoka wapi. IEA walishangilia. Truss alikuwa rafiki yao wa miaka mingi. Jumatatu iliyofuata thamani ya pauni kwa dola ikafika chini kuliko ilivyowahi kufika, riba za mikopo zikapanda, na tarehe 28 Benki Kuu ikaingia kununua hati fungani za serikali ili kuinusuru mifuko ya pensheni.

Sisi tulikuwa tumeshakubaliwa mkopo wa nyumba. Nilitoka zamu ya usiku, nimekaa kwenye basi, nafungua simu: mkopeshaji kafuta ofa kwa barua pepe ya mistari mitatu. Tuliyopata baadaye ilizidi ile ya kwanza kwa pauni 300 na ushee kila mwezi, na tunailipa mpaka leo. Oktoba 20 Truss akatangaza kujiuzulu. Waliokuwa wakishangilia hawakulipa chochote. Kwa hiyo swali la msimamizi wako, mdogo wangu, si la kukuonea.

Mpenda_Soko

Dada Nesi, pole sana, kwa dhati. Ila tuwe wa haki: bajeti ile haikuandikwa na IEA. Wao miaka yote husema matumizi ya serikali yapungue pamoja na kodi. Truss alipunguza kodi, matumizi hakuyagusa, tena wiki hizohizo akabeba mzigo wa bei za umeme na gesi za nchi nzima.

Nesi_Leicester

Nakubali hawakuiandika. Lakini waliiona ilivyo siku ileile na bado wakaisifu.

Dk_Mapafu

Kazi yangu ni kuwasaidia watu waache sigara, kwa hiyo IEA nimekutana nayo mara nyingi kwenye karatasi. Majina ya wafadhili hawatangazi, wanaacha mfadhili aseme mwenyewe akitaka. Hata hivyo inajulikana kwamba kampuni ya sigara ya British American Tobacco ni miongoni mwa waliowachangia, na kipindi hichohicho taasisi ilikuwa mstari wa mbele kupinga sheria ya pakiti za sigara zisizo na nembo. Kampuni ya mafuta ya BP nayo imewachangia kwa miongo.

Julai 2018 kukatoka rekodi za siri za waandishi wa shirika la mazingira la Greenpeace, ambapo mkurugenzi wa wakati huo, Mark Littlewood, alisikika akieleza jinsi mfadhili anavyoweza kukutanishwa na mawaziri. Taasisi ilikana kufanya kosa. Miezi miwili baadaye wakatoa ripoti ya Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya. Hapo kuna jambo watu wengi hawalijui: IEA kisheria ni shirika la hisani, linapata nafuu ya kodi kwa sababu linaelimisha umma. Kutafiti ni ruksa, kupigia debe msimamo wa kisiasa ni mwiko. Tume inayosimamia mashirika ya hisani ikasema ripoti ile imevuka mstari, na Februari 2019 ikawapa onyo rasmi. Taasisi ikapambana, na baadaye onyo likaondolewa. Hilo nalo lazima lisemwe.

Ushauri wangu: toa zote 11. Anayeficha mlipaji asikuharibie shahada.

Mwalimu_Kalamu

Daktari, hapo sikufuati. Nimesimamia tasnifu miaka mingi. Mwanafunzi akifuta vyanzo kwa hofu, hatajua kama hoja ilikuwa mbovu au nzima.

Binti, ifungue kila tanbihi. Ni takwimu ya serikali waliyoinukuu? Nenda kaitoe serikalini mwenyewe. Ni maoni yao? Andika wazi kwamba ni maoni ya IEA, taasisi ya soko huria isiyotangaza wafadhili wake wote. Ni hesabu waliyoipiga wenyewe? Irudie kwa mkono wako. Usipoweza kuirudia, iache. Na wanaoitetea kodi wapime kwa kipimo hichohicho, nao wana wafadhili wao.

Kubwa zaidi ni hili. Kodi ilitangazwa Machi 2016, ikaanza Aprili 2018. Unajua viwanda vilifanya nini miaka hiyo miwili? Vilipunguza sukari ili viikwepe. Kati ya 2015 na 2020 sukari katika vinywaji vinavyoguswa na kodi hiyo ilishuka kwa zaidi ya asilimia 40. Maana yake mnunuzi angeweza kuchukua chupa ileile, asilipe kodi, na anywe sukari pungufu. Kama sura yako inazungumzia tu maskini anayepandishiwa bei, umemsahau mwenye kiwanda. Nina wasiwasi hilo ndilo msimamizi anataka ulione mwenyewe.

Halafu jina liandike kwa ukamilifu wake, London iwemo. Kuna Institute of Economic Affairs ya Nairobi pia, inayofuatilia bajeti za Kenya. Hiyo ni taasisi nyingine.

Binti_Unyanyembe

Wakuu, nimerudi. Sijalala vizuri ila kazi imesogea.

Kati ya zile 11, 5 zilikuwa takwimu za serikali. Nimezifuata zilikotoka, ziko sawa, sasa natanbihisha serikali moja kwa moja. 4 ni maoni, na nimeandika hivyohivyo, pamoja na sentensi moja inayotaja usiri wa wafadhili. 2 nimezifuta kwa sababu zilirudia nilichokwisha kusema.

Mwalimu, lile la viwanda sikuwa nalo kabisa. Kurasa zangu 20 zote zilimtazama mnunuzi aliyesimama mbele ya rafu, hakuna mstari hata mmoja uliokwenda kiwandani. Nimeanza sehemu mpya. Bado naamini chupa ambayo haikupunguzwa sukari inamlipisha zaidi mwenye kipato kidogo, na hilo nitalitetea mbele ya yeyote. Ila neno "imeshindwa" nimelifuta kwenye kichwa cha sura.

Dada Nesi, barua pepe ya mistari mitatu imenikaa kichwani. Nimezoea kuwaza foleni ya babu tu.

Nesi_Leicester

Ukimaliza nitumie hiyo sura niisome kwenye basi. Na kesho kwa msimamizi nenda umeshakula.