Huyu wa droni aliyeandika jina lake kwa viti vya pweza, nani atamwambia?

Wakuu, mnamjua, simtaji. Katundika video ya ufukwe wa Msimbati, Mtwara, watu wanamjazia makopa tu. Mmeona alichofanya? Kaokota viti vya pweza HAI, wale viumbe wa bahari wenye umbo la nyota, kavipanga mchanga mkavu, jua la saa saba, kaandika jina lake. JINA LAKE! Droni ikapanda ili hata walioko mwezini walisome.

Kiti cha pweza hakina mapafu. Hewa kinaipata majini, kwa ngozi na vile vijimiguu vya chini. Ukikitoa kinakosa pumzi huku kinakauka, na kukirudisha baharini baada ya picha si tiba. Pale ni hifadhi ya bahari tangu 2000! Kaambiwa kwenye komenti, kajibu "bahari ni ya Mungu, punguzeni wivu".

Sasa kila mwenye gari anakimbilia huko, na wanapita juu ya mstari wa maji kujaa, ambako kasa hufukia mayai, mia hivi kwa shimo, miezi miwili hivi. Tairi linashindilia mchanga, vifaranga wanashindwa kutoka. Wanaotoka wananasa kwenye mifereji ya matairi, kaa wanawamaliza. Lakini jina lake, jamani!

pwani_moja: Unalia utadhani kiti cha pweza ni shemeji yako. Vijana wa boti wanapata riziki.

mama_mikindani: Riziki ipi, mwanangu? Boti ikijaa wageni, nanga inatupwa popote. Tumbawe la jiwe linakua sentimita moja hivi kwa mwaka, nanga inalivunja mara moja. Wafunge boya la kudumu, au watie nanga kwenye mchanga wageni waogelee.

mkilwa_halisi: Afadhali nyie. Magofu ya Kilwa Kisiwani ni urithi wa dunia tangu 1981, 2004 yakaingia orodha ya urithi ulio hatarini, yakatoka 2014. Leo watu wanapanda kuta kupiga picha! Ni mawe ya matumbawe na chokaa yale. Kisigino kikiteleza chokaa inapukutika, masika maji yanaingia kwenye ufa.

Mleta uzi: Tusitoke kwenye mada. JINA LAKE!

pwani_moja: Tumesikia, mkuu. Lianzishie uzi wake hilo jina.

fundi_matairi: Mnaokwenda na gari, punguzeni upepo, piteni mchanga mbichi maji yakiwa yanatoka. Kule juu mtanasa tu.

mgeni_lindi: @mkilwa_halisi boti toka Kilwa Masoko hadi Kisiwani bei gani siku hizi?

mkilwa_halisi: Ya tanga au ya mashine?