Naomba ushauri: nataka kuwa nahodha wa yoti, nianzie wapi?

Mwana wa Demani
Wakuu salaam. Nina miaka 27, nipo Nungwi. Mwaka wa nne huu ni baharia kwenye katamarani (yoti ya matumbo mawili) ya watalii: kupandisha tanga, kutupa nanga, kukaanga pweza, kuosha vyoo, vyote mimi. Mwenye chombo ni Mfaransa. Majuzi tulitoka Mkoani jioni, yeye akalala, nikashika usukani hadi tukaingia Unguja saa tisa usiku, boya la kijani huku, jekundu kule. Nikajisemea, kazi naiweza.

Sasa nataka cheti kinachotambulika duniani. Kuna chuo Cape Town kinafundisha Yachtmaster, cheti cha unahodha wa yoti cha RYA, chama cha Waingereza cha vyombo vya tanga. Niende huko au nianzie Chuo cha Bahari pale Dar?

Fundi Injini
Mkuu, Dar pata vile vyeti vya usalama vya STCW, mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia: kuzima moto, huduma ya kwanza, kujiokoa majini. Yachtmaster Offshore, ile ya bahari ya mbali na pwani, ni habari nyingine. Wanataka siku 50 baharini, maili 2,500, siku 5 ukiwa nahodha, na safari 5 za zaidi ya maili 60, mbili kati yake za usiku. Una daftari la safari? Maana miaka minne ya kwenda kisiwani Mnemba, hapo jirani tu na Nungwi, na kurudi, ukiijumlisha kwa maili, utalia.

Cape Town ina faida moja. Katamarani zinaundwa pale na nyingine zinapelekwa Karibi kwa tanga. Ukibahatika kuchukuliwa ubaharia humo, safari moja inakupa maili nyingi kuliko Mnemba yako yote.

Bi Mkubwa wa Pangani
Marehemu mume wangu alikuwa nahodha wa jahazi, hakuwa na cheti hata cha darasa la nne. Kaskazi ikianza kuvuma, haonekani nyumbani. Siku ya msiba walikuja wajane wawili kutoka Kilwa, mimi ndiyo kwanza nawaona.

Nanga Mbovu
Bi Mkubwa tuletee uzi wako, huu wa yoti tuufunge 😂

Kilindini Kwetu
Ndugu, hayo yote sawa. Daktari ushamwona? Usilipe chuo kabla hujapimwa. Macho hasa.

Mwana wa Demani
Afya safi mkuu, hata malaria ya kulazwa sijawahi.

Kilindini Kwetu
Nimeuliza macho.

Mwana wa Demani
(siku ya pili) Sikutaka kuandika hili. Nilipimwa Dar. Mbali naona vizuri sana. Kisha akaleta kitabu cha vidoti vya rangi. Ukurasa wa kwanza nikasema 12, akatabasamu. Uliofuata nikaanza kubahatisha, mara 8, mara 3. Akakifunga. Nyekundu na kijani zinanichanganya.

Ila jamani nimeshaacha kazi, kiwanja kimeshauzwa, nusu ya ada imeshakwenda. Na babu zetu walivuka mkondo wa Pemba bila taa hata moja. Maboya nayajua kwa namna yanavyomweka, yaani taa zinavyowaka na kuzimika, na mchana kwa umbo: la kushoto kama pipa, la kulia kama pia.

Fundi Injini
Boya linamweka, taa za ubavuni mwa chombo hazimweki. Usiku mnakwenda kwa injini, kuna chombo kinakatiza kutoka kulia kwako. Unachokiona ni ubavu wake wa kushoto, taa nyekundu, maana yake wewe ndiye wa kumpisha. Ukidhani ni kijani utafanyaje? Babu zako hawakupishana na boti ziendazo kasi zilizojaa watu.

Shemeji Halali
Chai hii. Jana umeingia Unguja usiku, boya la kijani huku, jekundu kule. Leo kijani hukijui. Na hiyo 12 ya ukurasa wa kwanza imewekwa makusudi, hata asiyeona rangi anaiona. Umeisoma mtandaoni ukaja kutunywesha.

Nanga Mbovu
Nilijua tu. Sukari imezidi. Weka picha ya daftari.

Bi Mkubwa wa Pangani
Mimi namwamini. Mtu anayetunga hataji vyoo.

Mwana wa Demani
Shemeji, 12 niliiona, ndiyo maana niliitaja. Na Mfaransa hakulala chumbani. Alijilaza pale nyuma ya usukani, jicho moja kafumba, ananiambia "lile kijani, lile jekundu, kaza kushoto". Sikuandika kwa sababu mlikuwa mmeanza kunisikiliza.

Kilindini Kwetu
Basi aliyeingiza chombo ni yeye.

Mwana wa Demani
Usukani nilishika mimi.

Kilindini Kwetu
Haya. Vidoti si mwisho, uliza kipimo cha taa, kile cha kutaja rangi za taa gizani. Ukianguka na hicho, huenda ukapewa cheti chenye sharti la mchana tu, au ukazuiwa zamu za usiku. Kazi za mchana zipo. Lakini waandikie chuo leo, uwaeleze kabla hujamalizia ada.

Mwana wa Demani
Tiketi ni ya tarehe 14, mkuu. Nikiwaambia sasa wataninyima nafasi. Nitawaambia nikishafika.

Fundi Injini
Umeshaamua, unatafuta wa kukupigia makofi.

Bi Mkubwa wa Pangani
Mwanangu, hicho kiwanja kilikuwa na hati?

Mwana wa Demani
Ilikuwepo. Jina la mama.