Ukoo wa mkwe wangu wa Massachusetts, nimekwama

Bibi_Ngamiani: Wanangu hamjambo? Mkwe wangu ni Mmarekani, wanakaa na binti yangu Raskazone, hapa hapa Tanga. Wazee wake walihamia Massachusetts miaka ya 1630. Wajukuu wananiuliza upande wa baba. Wa kwetu nawahesabia kwa kichwa mpaka Pangani, lakini huku nimegota sensa ya 1840: jina la baba tu, mke na watoto wamekuwa tarakimu!

Chumbageni77: Shikamoo bibi. Ndivyo zilivyo, majina ya watu wote huru yanaanza sensa ya 1850. Rudi kwenye wosia na mirathi. Humo mabinti hutajwa pamoja na waume zao, na hata vitanda na ng'ombe huhesabiwa. Daftari za vizazi na ndoa za miji nazo zimehifadhiwa.

Mvuvi_Deep: Na tarehe, bibi. Kabla ya 1752 mwaka wao ulianza Machi 25. Februari ilikuja baada ya Aprili ya mwaka uleule.

Bibi_Ngamiani: Marahaba. Kumbe! Harusi Aprili 1640, mtoto Februari 1640. Mkwe nimemtazama kwa jicho la pembeni wiki nzima.