Naomba ushauri: Nilipie tena tiketi za msimu za Pirates, au nimpeleke mwanangu kwenye ligi ndogo?

Baba Twaha, Pittsburgh

Wakuu, habari za jioni.

Naishi Pittsburgh mwaka wa kumi na moja sasa. Kwetu ni Tanga na nimekulia kwenye kandanda. Besiboli nimefundishwa na mwanangu wa kwanza, Twaha, ana miaka 13. Yeye ndiye aliyenieleza, tumekaa jukwaani, kwa nini mrushaji anatolewa wakati bado anarusha vizuri, na kwa nini mpigaji anayekosa mara saba katika kumi anahesabiwa hodari. Misimu miwili iliyopita nimelipia kifurushi cha mechi 20 za Pirates, timu yetu ya besiboli ya ligi kuu, pale uwanjani kwao PNC Park, viti viwili, mimi na yeye. Sasa wananitaka nilipie tena kabla mwezi huu haujaisha.

Msimu huu wa 2025 uliomalizika tumeshinda 71, tumefungwa 91. Mrushaji wetu Paul Skenes amechukua tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora, kwa kura zote 30, wastani wake ni kuruhusu ran (yaani pointi) 1.97 kwa kila inningi (vipindi) tisa, na bado rekodi yake inasomeka ushindi 10, vipigo 10. Mwezi Mei alikwenda Philadelphia akarusha inningi zote nane bila kupokewa na mtu, akaruhusu ran moja tu, tukafungwa 1-0. Mwanangu alizima televisheni akaenda kulala bila kula. Siku ile niliumia kama mzazi, si kama shabiki.

Kwa hela hiyohiyo ya kifurushi naweza kuwapeleka watoto wote watatu na mama yao Altoona, kwenye timu yetu ya ligi ndogo, daraja la AA, hatua mbili chini ya ligi kuu, mara nyingi tu. Na pale ndipo alipomalizia msimu kijana Konnor Griffin. Miaka 19! Alichukuliwa wa tisa kwenye drafti ya 2024, ile zamu ya klabu kuchagua vijana, akitokea shule ya sekondari Mississippi, na mwaka huu amepitia madaraja matatu, Bradenton, Greensboro hadi Altoona. Wastani wake wa kupiga ni .333, yaani amefaulu mara moja katika tatu, homerani 21, ameiba vituo 65. Picha yake iko ukutani chumbani kwa Twaha.

Ninachoogopa ni kumwacha mtoto ampende chipukizi ambaye uongozi utamuuza kesho kutwa. Je, nilipie? Niende Altoona? Na uongozi huu unajenga timu kweli, au unabana matumizi tu? Naomba wanaoifahamu klabu hii kwa muda mrefu wanisaidie.

Mkongwe 1992

Baba Twaha, usilipie.

Nilifika mji huu mwaka ambao jina langu linakwambia. Kuanzia msimu uliofuata, 1993, hadi 2012 timu hii haikumaliza hata msimu mmoja ikiwa imeshinda zaidi ya ilivyofungwa. Miaka 20 mfululizo. Watoto wangu walizaliwa, wakasoma, wakamaliza sekondari. Ikaja 2013 tukaonja raha, ikaja 2015 tukashinda mechi 98, tukatolewa na Cubs wa Chicago kwa mechi moja tu. Badala ya kuongeza nguvu, wakaanza kupunguza. Januari 2018, katika siku chache tu, wakamtoa mrushaji Gerrit Cole kwenda Houston na mpigaji Andrew McCutchen kwenda San Francisco.

Halafu Julai mwaka huohuo, wakijiona wamerudi kwenye mbio, wakamchukua mrushaji Chris Archer kutoka Tampa Bay kwa kuwatoa vijana Tyler Glasnow, Austin Meadows na Shane Baz. Watatu kwa mmoja! Archer hakutusaidia kitu. Glasnow na Baz tunawaona mpaka leo wakirusha kwa watu wengine. Nilikuwa nimemwambia mwanangu wa mwisho kuwa Glasnow ndiye atakayetupeleka mbele. Hakuniuliza tena habari za chipukizi.

Mmiliki hatumii pesa, kaka. Hadi msimu wa 2025, mkataba mkubwa kuliko yote katika historia ya klabu hii ulikuwa wa Bryan Reynolds, dola milioni 106.75 kwa miaka minane. Mets wa New York wamempa Juan Soto milioni 765. Ukilipia kifurushi unawaambia hali hii inakuridhisha.

Fundi Saa

Mzee wangu Mkongwe, nakuheshimu, lakini umechanganya tawala mbili. Biashara ya Archer ilifanywa na meneja mkuu Neal Huntington, naye aliondolewa 2019. Ben Cherington aliyemrithi alikuta ghala la chipukizi tupu.

Tazama drafti ya 2021. Tulikuwa na chaguo la kwanza kabisa, wakamchukua mdakaji Henry Davis kwa bei pungufu ya iliyopangiwa nafasi ile, milioni 6.5. Fedha iliyobaki wakaitumia kumshawishi Bubba Chandler aache chuo, wakampa milioni 3 katika raundi ya tatu. Leo Davis anahangaika kwenye kupiga, na Chandler yuko ligi kuu. Huo ni uongozi unaofikiri. Mwaka 2023 wakapata tena chaguo la kwanza, wakamchukua Skenes. 2024 timu nane zikampita Griffin, sisi tukamchukua.

Kwa kurusha, klabu hii sasa hivi ni tajiri.

Mkongwe 1992

Na kwa kupiga je? Cherington amekaa misimu sita, hajawahi kushinda zaidi ya mechi 76. Msimu huu hakuna timu ya ligi kuu iliyofunga ran chache kuliko sisi. Mwezi Mei wakamfukuza meneja Derek Shelton, wakamweka Don Kelly, kana kwamba meneja wa benchi ndiye anayenunua wapigaji.

Fundi Saa

Hapo kwenye wapigaji sina la kukupinga.

Karani wa Mombasa, Columbus

Naomba nimjibu Baba Twaha lile la kuuzwa, maana linaumiza watu kwa sababu hawajaelezwa linavyofanya kazi.

Mchezaji akipanda ligi kuu, anabaki chini ya klabu mpaka atimize miaka sita ya utumishi. Mwaka kamili ni siku 172. Kwa hiyo klabu ikimchelewesha chipukizi wiki mbili tatu mwanzoni mwa msimu, inapata karibu mwaka mzima wa ziada wa kuwa naye kwa bei nafuu. Ndiyo maana unaona kijana anavunja rekodi daraja la AAA, la mwisho kabla ya ligi kuu, mwezi Aprili na bado anaambiwa ana mambo ya kurekebisha. Chandler mwaka huu aliwekwa Indianapolis, timu ya AAA ya Pirates, hadi tarehe 22 Agosti, mashabiki wanapiga kelele tangu majira ya kuchipua. Wapo waliosema hakuwa tayari, na kweli katikati ya msimu aliyumba. Lakini usiku wa kwanza alipopewa mpira alirusha inningi nne bila kuruhusu ran.

Skenes naye walimchelewesha, akaanza Mei 11, 2024. Kilichotokea ni kwamba alichukua tuzo ya chipukizi bora wa ligi, na mkataba wa pamoja wa 2022 kati ya klabu na chama cha wachezaji unasema anayemaliza katika wawili wa kwanza wa kura hizo anahesabiwa mwaka mzima. Kwa hiyo klabu haikupata ule mwaka wa ziada. Na kwa kuwa haikumpandisha mapema, haikupata hata lile chaguo la nyongeza la drafti ambalo klabu inayomwamini kijana wake tangu mwanzo wa msimu inaweza kulipata akishinda tuzo kama ile. Ikakosa vyote viwili.

Skenes atakuwa huru baada ya msimu wa 2029. Mwambie Twaha hivyo, kwa tarehe. Mtoto wa miaka 13 anaelewa tarehe vizuri kuliko anavyoelewa "labda".

Wanjiku wa Baltimore

Poleni jirani zetu. Mimi ni wa Orioles na nataka niseme kitu kwa Fundi Saa, kwa upendo.

Sisi tulikuwa na ghala lililosifiwa nchi nzima. Adley Rutschman, Gunnar Henderson, Jackson Holliday, wote wetu. 2023 tukashinda 101. Tulikuwa na vijana wengi mpaka hawana pa kucheza, na uongozi ukawakumbatia kama mbegu ambayo mtu anaogopa kuipanda. Texas wakatutoa tatu bila. 2024 Royals wa Kansas City wakatutoa mbili bila. Mrushaji Corbin Burnes tulimpata kwa kutoa vijana wawili, akatufaa sana mwaka mmoja, kisha akaenda Arizona. Msimu huu tumeshinda 75 na meneja wetu amefukuzwa Mei, kama wenu.

Kwa hiyo chipukizi kuuzwa si kosa peke yake. Kuna siku ya kumtoa kijana ili upate mtu aliyekamilika, na uongozi unaolipwa vizuri unapaswa kuijua siku hiyo. Pirates leo wana warushaji vijana wa kutosha kumtoa mmoja kwa mpigaji wa kweli. Hilo likitokea Baba Twaha, usimwambie mtoto ameibiwa.

Mama Neema, Akron

Naona mnabishana mambo ya wenye klabu, baba wa watu ameuliza jambo la tiketi.

Baba Twaha, ukinunua tiketi za Altoona za mwaka ujao ili mtoto amwone Griffin, hutamkuta. Kijana aliyepanda madaraja matatu kwa msimu mmoja hatakaa AA. Atakuwa Indianapolis, au atakuwa hapohapo kwenu Pittsburgh. Mimi ni mwaka wa saba naenda ligi ndogo na wanangu, na hilo ndilo la kwanza kulijua: yule uliyemfuata ameondoka wiki iliyopita. Wameshanililia sana. Sasa wamezoea, wanaingia uwanjani wanachagua mtu wao siku hiyohiyo, kwa namna anavyokimbia tu.

Pia si lazima muendeshe hadi Altoona kila mara. Altoona wanacheza ligi moja na Akron na Erie, na kwenu hadi hapa Akron ni chini ya saa mbili. Indianapolis ni mbali, zaidi ya saa tano, lakini wao huja kucheza Columbus, saa tatu kutoka kwenu. Ratiba ikitoka, angalia wiki wanayokuja. Ligi ndogo siku hizi timu ikija inakaa wiki nzima, Jumanne hadi Jumapili, kwa hiyo mna nafasi ya kuchagua.

Altoona yenyewe nendeni angalau mara moja. Nyuma ya ukuta wa kulia kuna rolakosta, ile reli ya juu ya bustani ya burudani, inaonekana kutoka kwenye viti. Wadogo zake Twaha watakaa kimya inningi zote tisa.

Baba Twaha, Pittsburgh

Dada Mama Neema, asante. Hilo la Griffin kutokuwepo sikulifikiria kabisa, na ndilo nililokuwa nimemwahidi mtoto.

Karani, nimemwonyesha Twaha maelezo yako. Ameyasoma mara mbili, kisha akaniuliza atakuwa na miaka mingapi 2029. Kumi na saba.

Mzee Mkongwe, nimekuelewa. Mwanao wa mwisho bado anatazama besiboli?

Mkongwe 1992

Anatazama. Ana miaka 24, yuko Houston, na anashangilia Astros. Hatugombani.

Ssebo, Kampala

Nawasalimu kutoka Kampala. Mimi nafundisha watoto besiboli huku, kwa hiyo nafuatilia ligi ndogo kuliko ile kubwa, maana kijana wa Afrika akifika, atapitia huko.

Sijaona aliyemtaja Gift Ngoepe. Yule ni wenu, Pirates! Mwafrika Kusini, mama yake alikuwa akifanya kazi kwenye klabu ya besiboli ya Randburg na wakaishi hapohapo klabuni, kijana akakua anaona mpira kila siku. Mlimsaini 2008. Akapitia madaraja yenu yote, Altoona akiwamo, karibu miaka tisa. Aprili 26, 2017 akapandishwa, PNC Park, dhidi ya Cubs, mara yake ya kwanza kushika gongo akampiga Jon Lester na kufika kituo cha kwanza. Mzaliwa wa kwanza wa bara letu kucheza ligi kuu. Mwisho wa mwaka ule alipelekwa Toronto, hakudumu sana juu.

Waliokuwa wakienda Altoona miaka ile walikuwa wakimwona kwa tiketi ya bei ndogo, na sidhani wengi wao walijua wanamtazama nani. Huku kwetu tunawajua vijana wawili wa Uganda waliosainiwa na Dodgers wa Los Angeles 2022. Watoto ninaowafundisha wanawataja kila siku, na hawajali wako daraja gani.

Na mwambie Twaha kuwa kima cha chini cha mshahara wa mchezaji wa AA, kwa mkataba wa 2023, kilikuwa dola 30,250 kwa mwaka huo. Wale anaowaona Altoona si matajiri. Wako kazini na wengi watarudi makwao. Akiwapigia makofi wanayasikia, uwanja ni mdogo.

Baba Twaha, Pittsburgh

Wakuu, nirudishe majibu.

Sikulipia. Nimewaandikia klabu na sababu nimeitaja kwa adabu: nitarudi kwenye kifurushi watakapoleta wapigaji. Mechi za Skenes tutanunua moja moja wanapotangaza zamu zake. Mama Neema, tumepanga kuanza na Akron mwezi Aprili, Altoona wakija huko, halafu Columbus wakija Indianapolis.

Nilimwambia Twaha ukweli kuwa Griffin hatakuwepo na kwamba nilikosea kumwahidi. Akauliza, sasa nani atacheza? Nikamwambia sijui hata jina moja. Akakaa kidogo, akachukua simu yangu akaanza kutafuta kikosi.

Mama Neema, Akron

Karibuni sana. Aprili hapa bado kuna baridi kali usiku, chagueni mechi ya mchana ya Jumapili na mje na makoti na blanketi. Mkishapata tarehe niandikie, tutakaa pamoja upande wa kituo cha tatu, chapati nitaleta za kula nje kabla ya kuingia.