MREJESHO: Siku ya kupanda kilima na kutazama wanyama wa bahari, Galápagos

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza nijiandae vipi kwa siku moja ya safari ya meli ndogo katika visiwa vya Galápagos, Ekuado: asubuhi kupanda kilima kisiwani Bartolomé, mchana kutazama wanyama kisiwani Santiago.

Aliyesema nivae viatu vya kufunga, sandali nizitie begini, ubarikiwe. Bartolomé ni ngazi za mbao hadi juu, mita 114 hivi, kivuli hakuna kabisa. Santiago boti ya mpira ilitushusha majini, sandali zikafanya kazi.

Darubini nilichukua ya 8x (inayokuza mara nane) kama mlivyoshauri. Jirani yangu alikuja na 12x, na kwenye sitaha inayoyumba picha ilimchezea tu, mwishowe akawa anaazima yangu! Kwa pengwini waliokaa miambani chini ya kilima ilitosha. Iguana wa baharini, yaani mijusi wakubwa, hata huhitaji darubini kuwaona: wamejilaza kando ya njia, wakipiga chafya za chumvi. Tatizo ni kuwakwepa, maana sheria ya hifadhi ni kukaa mita 2 mbali nao.

Kichefuchefu je? Tangawizi haikunisaidia. Kidonge nilichomeza kabla ya meli kung'oa nanga kilizuia kutapika, ila kilinilaza, pomboo wa jioni nikawakuta wanaishia. Anayekwenda aombe dawa isiyoleta usingizi sana.

Nyangumi hatukuona. Mlinionya nisiwategemee, na kweli.