Muhula wa wiki 17, kozi 5 na kazi ya jioni: nipangeje?

Mwaka wa Tatu, Kampala
Habari zenu ndugu. Muhula wetu una wiki 15 za masomo na 2 za mitihani. Nina kozi 5 za krediti 4 kila moja, na kazi ya dukani Jumatatu hadi Ijumaa, saa 11 jioni mpaka saa 3 usiku. Kazi za muhula zina alama 40, mtihani 60. Majaribio na kazi za vikundi hurundikana wiki ya 7 hadi ya 10. Nishike lipi kwanza?

Mukono
Shika saa zako. Krediti 1 ni saa 15 za darasani kwa muhula, kwa hiyo kila kozi inakula saa 4 kwa wiki, jumla 20. Weka 20 za duka na angalau 15 za kujisomea: 55, foleni ya barabarani bado. Ratiba hiyo haina pengo. Siku mbili zikipotea wiki ya 8 huzifidii. Zungumza na mwenye duka wiki ya 2, akupunguzie zamu wiki ya 7 hadi ya 10, nawe umfidie wiki ya 3 hadi ya 5. Ukingoja wiki ya 7 atakuwa hana mtu wa kukushikia.

Halafu usipange kwa kuutazama mtihani. Ukiwa na 30 kati ya 40, unahitaji 20 tu kati ya 60 kufikia 50. Ukiingia na 14, unahitaji 36. Na ukifeli kozi ya muhula wa kwanza, unaingoja mpaka ifundishwe tena, kwa kawaida mwaka unaofuata. Kwa mtu wa mwaka wa tatu, hayo ni mahafali kusogea.

Mbarara
Kazi za vikundi huharibika usiku wa mwisho: vipande sita vinatumwa pamoja, anayeunganisha ni mmoja na amechoka. Siku ya kwanza gawaneni vichwa kwenye faili moja la pamoja. Vipande viingie siku 4 kabla ya siku ya kuwasilisha, mmoja aunganishe, mwingine asome yote. Pakieni mchana wa siku iliyotangulia, maana karibu na saa 6 usiku mfumo wa chuo huelemewa, na umeme nao haungoji. Mkishapakia, fungueni faili lenyewe mhakikishe ndilo.

Jinja
Tunza karatasi zote zilizosahihishwa hadi matokeo yatoke. Alama ikipotea, hiyo ndiyo hati yako. Tena jisajili mapema, jina lisipokuwa kwenye orodha alama hazina pa kuingia.

Mwaka wa Tatu, Kampala
Asanteni sana. Vipindi vya saa 2 asubuhi je, naweza kuruka baadhi nilale?

Mukono
Vyuo vingi vinadai mahudhurio ya asilimia 75. Kwa kozi ya saa 60 una ruhusa ya kukosa 15 tu, na malaria ikikushika wiki moja zimeshatoka 4. Ziweke kwa ajili ya ugonjwa; usingizi utafute Jumamosi.