Fulana za bure za kampuni ya sigara: nizigawe?

Muuza Langoni
Asalaam aleikum. Nina duka hapa Langoni, Lamu. Msambazaji wa sigara ameniachia boksi la fulana, kofia na vibiriti vya gesi, vyote rangi ya pakiti na nembo juu, niwagawie wateja. Vijana wa mashindano ya mashua wameshaziona fulana, nao hawana sare. Kuna hadi wa darasa la saba. Mtoto simuuzii sigara hata aseme katumwa na babake. Lakini fulana ni nguo tu, au na mimi nitakuwa nimeshiriki? Nambieni ukweli.

Nahodha
Wape, ndugu yangu. Jua la baharini halina huruma na fulana nzuri ni pesa. Mimi nimevaa ya kampuni ya simu mpaka ikachakaa, na laini sikubadilisha.

Mwalimu, Shela
Nahodha, wewe ulikuwa mtu mzima na laini yako mfukoni. Huyu wa darasa la saba bado hajachagua chochote, na ndiye anayetafutwa, kwa sababu wavutaji wa leo wanaacha au wanakufa na kampuni inataka wengine. Redioni hawawezi tena kumfikia, basi wanapitia mgongo wa kaka yake, bila kumlipa hata shilingi.

Na sheria ipo. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kuitangaza sigara kwa vitu vyenye nembo. Marekani nako, wavutaji wa sigara za Camel walikuwa wakikusanya kuponi za mfano wa noti za ndani ya pakiti wanapewa fulana na kofia, huku matangazo yakiwa na katuni ya ngamia. Makubaliano ya 1998 kati ya kampuni kubwa za sigara na majimbo yalipiga marufuku katuni hizo na mavazi ya nembo.

Mama wa Mkomani
Vibiriti navyo msividharau. Fulana huvaliwa siku ya mashindano. Kibiriti kiko kando ya jiko asubuhi na jioni. Mwanangu hajui kusoma, lakini sigara ile akiiona dukani huonyesha kidole: "Mama, kibiriti chetu!" Nimekitupa.

Muuza Langoni
Shukran. Boksi msambazaji atalikuta limefungwa akileta mzigo, na akininunia potelea mbali. Sasa vijana tuwavishe nini?

Nahodha
Nyeupe, zisizo na kitu. Za wawili niandikieni mimi. Kifuani liandikwe jina la mashua.